Nataka kujiunga na watu wanaojiundia skana za vitabu: nianzie wapi?

SWALI: Shikamoo. Mimi ni mwalimu wa sekondari hapa Pangani. Marehemu babu yetu ametuachia masanduku mawili: vitabu vya shule vya zamani, magazeti ya Mambo Leo yaliyoshonwa pamoja kwa uzi, na madaftari kadhaa ya tenzi yaliyoandikwa kwa hati za Kiarabu. Mchwa wameshaanza kuyaingia. Nimesikia kuna watu huko duniani wanaojiundia skana za vitabu kwa mbao na kamera za kawaida, na kwamba wanasaidiana. Natamani kujiunga nao, lakini mimi si fundi, Kiingereza changu ni cha kawaida, na siwezi kutumia zaidi ya shilingi laki nne. Watanipokea? Na nianze na nini?

JIBU: Marahaba, Mwalimu. Watakupokea, na nitakueleza kwa nini. Ila kabla ya skana kuna mchwa, na mchwa hawasubiri mtu amalize kusoma barua. Leo hii toa kila kitu masandukuni. Kilichoingiwa kitenge na kilicho salama, kila kitabu kipanguse kwa brashi laini ukiwa nje, kisha vyote viweke juu ya meza au rafu isiyogusa ukuta wala sakafu. Karatasi usizipulizie dawa ya wadudu, na ukurasa uliochanika usiuzibe kwa selotepu, kwa sababu gundi yake hugeuka njano na kuitafuna karatasi. Hayo yakishafanyika, tukae tuzungumze.

Watu unaowaulizia walianza kujulikana mwaka 2009. Daniel Reetz, wakati huo mwanafunzi katika jimbo la North Dakota nchini Marekani, alikuwa amechoshwa na bei za vitabu vya kiada. Aliokota mbao na vifaa vingine majalalani, akaongeza vipande vya akriliki (plastiki ngumu inayoangaza kama kioo), taa mbili na kamera mbili ndogo aina ya Canon PowerShot A590, na kwa takriban dola 300 akapata mashine inayopiga picha kurasa mbili zinazotazamana kwa mkupuo mmoja. Halafu akafanya jambo lililokuwa kubwa kuliko mashine yenyewe: aliandika maelekezo ya hatua 79 na kuyagawa bure. Watu wakaanza kuunda za kwao, na kila aliyeunda akaongeza chake. Mmoja alibadilisha pembe ya mbao. Mwingine alifunga mkono wa breki ya baiskeli ili kamera zote mbili zipige kwa mbinyo mmoja. Wengine wakaandika programu. Shamrashamra za miaka ile ya mwanzo zimepoa, lakini michoro ipo, programu zipo, na wenye uzoefu bado wanajibu anayeuliza vizuri.

Huenda unajiuliza kwa nini wasinunue tu skana ya ofisini ile ya kufunika. Jaribu kuweka kitabu kinene juu yake uone: lazima ukilaze kifudifudi na kukikandamiza mpaka mgongo wake ulie. Kitabu cha babu yako kitapasuka kabla hakijafika katikati, na maneno yaliyo karibu na mshono bado yatatoka yamepinda na yana giza. Mashine za hawa jamaa zinakifuata kitabu kinavyotaka kufunguka. Unaijua marufaa, ile ya kuwekea Msahafu. Kitanda cha kitabu katika skana hizi kimekaa hivyo hivyo: mbao mbili zimekutana kwa pembe ya nyuzi 90 hadi 100, na kitabu kimelala humo kikiwa nusu wazi. Juu yake hushuka vioo viwili vilivyounganishwa kwa pembe ileile, vikinyoosha kurasa zote mbili. Kamera ya kushoto inatazama ukurasa wa kulia, ya kulia inatazama wa kushoto, na taa iko juu katikati. Unapiga, unainua kioo, unafunua, unashusha, unapiga tena. Hata Internet Archive ya San Francisco, maktaba ya mtandaoni ambayo Brewster Kahle aliianzisha mwaka 1996 na ambayo imeskani vitabu kwa mamilioni, mashine yake hufanya kazi kwa kanuni hiyohiyo: kioo huinuliwa kwa kanyagio la mguu, na binadamu ndiye anayefunua kurasa.

Utakutana pia na mashine za ajabu. Mwaka 2012 mhandisi wa Google, Dany Qumsiyeh, alionyesha skana inayofunua kurasa yenyewe kwa mvuto wa hewa ya mashine ya kufyonzea vumbi. Inavutia kuitazama. Kwa karatasi za Mambo Leo ingekuwa maangamizi, kwa hiyo itazame tu.

Sasa nije kwenye kujiunga. Si chama chenye kadi wala ada. Mtu huhesabiwa kuwa mwenzao anapokuwa na kitabu anachotaka kukiokoa, akajaribu kitu kwa mikono yake, na akaonyesha kilichotokea. Swali la “skana gani ni bora?” hupata majibu ya juu juu, maana hakuna anayeweza kulijibu bila kuviona vitabu. Lakini ukisema “nina magazeti ya miaka ya 1920, karatasi ni nyembamba hadi maandishi ya nyuma yanaonekana mbele, nimepiga picha hii kwa taa mbili, nifanye nini?”, watakujibu watu wa mabara matatu. Kwa hiyo ushauri wangu mkubwa ni huu: usijiunge mikono mitupu. Skani kwanza kurasa kumi, kuanzia kupiga picha mpaka faili lililokamilika, hata kama zitatoka vibaya. Wengi huanza kwa kujenga mashine kubwa ya kamera mbili, wanatumia miezi kuchonga mbao, na hawaskani hata kitabu kimoja. Masanduku yako mawili hayahitaji mashine ya namna hiyo kwa kuanzia.

Mpelekee seremala wa mtaani kwenu mchoro huu. Mbao mbili za plaiwudi, kila moja kubwa kuliko ukurasa wako mkubwa kwa upana wa kiganja. Moja ilale mezani. Nyingine isimame kwenye ukingo wa ile ya kwanza, ikiegemea nyuma kidogo, ili pembe ya kati yao iwe kama nyuzi 100. Kitabu kinalazwa hapo: upande mmoja umelala, upande wa pili umesimama ukiegemea ubao. Ukurasa uliolala ndio unaopigwa picha, na kamera iko juu inatazama chini moja kwa moja. Kwa fundi vioo nunua kipande kimoja cha milimita 3, kisicho na rangi wala mikwaruzo, na usiondoke dukani kabla hajasugua kingo zote kwa msasa. Kingo mbichi zitakukata vidole na zitakata karatasi. Kioo hiki utakilaza juu ya ukurasa, ukingo wake mmoja ukiingia mpaka kwenye mshono wa kitabu.

Kwa mpangilio huu utapiga kurasa zote za upande mmoja kuanzia mwanzo hadi mwisho wa kitabu, kisha utakigeuza kitabu na kupiga za upande wa pili. Baadaye kompyuta itazichanganya kwa zamu. Weka mafolda mawili tofauti tangu mwanzo, na kila baada ya kurasa ishirini hivi hakikisha namba ya ukurasa inalingana na hesabu ya picha. Ukurasa mmoja ukirukwa, kila kinachofuata kitakaa si mahali pake. Madaftari ya tenzi yanafunguliwa kuanzia kulia, kwa hiyo mpangilio wake unageuka. Liandike hilo kwenye jina la folda ili usisahau.

Kamera, tumia simu uliyonayo. Hesabu yake ni rahisi. Kiwango kinachokubalika kwa maandishi ya kawaida ni nukta 300 kwa inchi. Ukurasa wa ukubwa wa A4 kwa kiwango hicho unahitaji pikseli (vinukta vinavyounda picha) 2480 kwa 3508, yaani chini ya megapikseli 9. Simu ya megapikseli 12 inatosha, mradi ukurasa uijaze picha vizuri. Tumia lenzi kuu, si ile ya upana, na usivute kwa vidole kwenye skrini. Kama unahitaji ukaribu, shusha simu. Gusa skrini na kushikilia mpaka fokasi na mwanga vijifunge, vinginevyo kila ukurasa utakuwa na rangi yake. Usipige kwa kugusa simu, kwa sababu itatikisika: kwenye simu nyingi, kitufe cha sauti cha spika za masikioni zenye waya hupiga picha.

Na huu ndio mtihani unaotenganisha picha ya ukurasa na skani. Laza rula juu ya ukurasa, chini ya kioo, piga picha, ifungue kwenye kompyuta na uhesabu pikseli kutoka sifuri hadi sentimita 10. Ukipata 1181 au zaidi, uko kwenye nukta 300. Ukipata 800, uko kama 200, kwa hiyo shusha kamera. Kisha weka rula kwenye kila kona ya ukurasa na urudie. Kona moja ikitofautiana na nyingine kwa kiasi kinachoonekana, kamera imeinama. Chukua pimamaji ya seremala, ilinganishe na ubao, halafu na simu. Dakika chache tu, na zitakuokolea wiki za kunyoosha picha kwenye kompyuta. Picha hiyo ya rula itunze pamoja na faili za kitabu, maana atakayekuja baada yako ataweza kujua ukubwa halisi wa ukurasa.

Mwanga ndio unaowashinda wengi, kwa sababu ya kioo. Kioo chako kimelala bapa, si kwa pembe kama vile viwili vya mashine kubwa, kwa hiyo ukiweka taa juu karibu na kamera, au ukiacha flashi iwake, utapata duara jeupe katikati ya ukurasa. Taa zikae pembeni, upande wa kichwani na wa miguuni mwa ukurasa, zikimulika kwa mshazari wa nyuzi 45 au chini yake, ili mwako wake udunde kwenda upande wa pili badala ya kupanda kwenye lenzi. Balbu mbili za LED za aina moja, nyeupe, zinatosha. Funga madirisha, kwa sababu mwanga wa jua la Pangani unabadilika kila wingu linapopita. Na kioo kitaonyesha kila kilicho juu yake: dari jeupe, mkono wako, hata kanzu. Vaa nguo nyeusi, na kuizunguka simu funga kitambaa au kadi nyeusi yenye tundu la lenzi tu. Utashangaa jinsi maandishi yanavyokolea.

Kwa Mambo Leo kuna jambo la ziada. Gazeti lile lilianza kutolewa Dar es Salaam mwaka 1923, na karatasi yake imekuwa nyembamba na dhaifu, kwa hiyo wino wa nyuma unapenya mbele. Weka karatasi nyeusi nyuma ya ukurasa unaoupiga. Karatasi nyeupe hurudisha mwanga na kuyaangaza maandishi ya nyuma; nyeusi inaumeza, na yale maneno ya nyuma yanafifia. Na usikate ule uzi. Ushonaji wa babu yako ni sehemu ya historia ya magazeti hayo, na kwa pembe ya nyuzi 100 mengi yatafunguka bila kuteseka.

Ukishapata picha, pakua Scan Tailor. Ni bure, na ndiyo programu ambayo jamii hii imeitegemea zaidi. Inakupitisha hatua sita: kugeuza picha ikae wima, kutenganisha kurasa, kunyoosha iliyoinama, kuchagua eneo lenye maandishi, kuweka pambizo, na kutoa faili la mwisho. Hapo kwenye hatua ya mwisho nakuomba uwe makini sana. Programu ina kipengele cha kusafisha madoadoa, na haijui tofauti ya kinyesi cha mdudu na nukta. Kwenye daftari la hati za Kiarabu inaweza kufuta nukta ya ba au kupunguza nukta tatu za tha zikabaki mbili, na ubeti mzima ukabadilika maana bila mtu kugundua. Kwenye Kiswahili cha hati za Kilatini itameza nukta za mwisho wa sentensi na kile kialama cha juu katika ng'ombe na ng'ambo. Kwa madaftari ya tenzi zima kabisa usafishaji huo na utoe kurasa kwa rangi kamili, usizigeuze kuwa nyeusi na nyeupe. Faili zitakuwa kubwa, na ziwe tu.

Kwa vitabu na magazeti yaliyopigwa chapa, hatua inayofuata ni kuyafanya yatafutike kwa neno. Tesseract, programu ya kutambua maandishi iliyozaliwa katika kampuni ya HP miaka ya 1980 na kufunguliwa kwa umma mwaka 2005, ina data ya Kiswahili. Programu nyingine, OCRmyPDF, huitumia Tesseract kuweka maandishi yasiyoonekana nyuma ya picha ndani ya PDF, kwa hiyo msomaji anaona ukurasa halisi lakini anaweza kutafuta. Itakosea, hasa kwenye chapa iliyofifia na kwenye tahajia za kabla ya usanifishaji wa miaka ya 1930. Kwa mwandiko wa mkono wa hati za Kiarabu usiitarajie. Picha safi ya ukurasa inatosha. Wasomi wa tenzi wataisoma kwa macho.

Kamera mbili zije baadaye, ukiona kazi imekunogea. Ukifika huko, tafuta Canon mbili za modeli moja zinazokubali CHDK, programu ndogo inayokaa kwenye memori kadi na kuipa kamera uwezo ambao kiwanda hakikuutoa, kama kupigwa kutoka mbali kwa waya wa USB. Kila toleo la CHDK limeandikiwa modeli maalumu na toleo maalumu la programu ya ndani ya kamera, kwa hiyo angalia orodha kabla ya kutoa fedha dukani. Na hapo pwani, kamera zilale kwenye kopo lenye kifuniko pamoja na vile vipakiti vya kufyonza unyevu vinavyokuja na viatu vipya. Chumvi na unyevu huotesha ukungu ndani ya lenzi.

Hukuuliza kuhusu haki, lakini wenzako wapya watauliza. Sheria ya Hakimiliki ya Tanzania ya mwaka 1999 inamlinda mtunzi kwa uhai wake wote na miaka 50 baada ya kifo. Kitabu ambacho mtunzi wake yu hai au amefariki karibuni, usikisambaze. Kiskani ukihifadhi, kama kimekaribia kufa, lakini kisitoke nyumbani bila idhini. Kuna mlango mmoja ambao kama mwalimu utaupenda: Mkataba wa Marrakesh wa mwaka 2013, ambao Kenya na Tanzania zimeingia, unalenga kurahisisha utengenezaji wa nakala zinazosomeka na wasioona. Kama mna mwanafunzi wa namna hiyo shuleni, ulizia utaratibu wake. Kitabu kilichoskaniwa vizuri kinaweza kusomwa kwa sauti na kompyuta.

Tenzi ni suala la ukoo kabla ya kuwa suala la sheria. Waite wazee, waonyeshe kurasa chache kwenye skrini, waulize lipi litoke na lipi libaki ndani. Madaftari ya aina hii mara nyingi yana dua, dawa au hesabu za urithi katikati ya mashairi, na mwenye nyumba ana haki ya kusema hapana. Akiwepo anayehofia kwamba kuskani ni kupokonywa, mweleze habari za Msikiti wa Riyadha wa Lamu: maandiko yake yalipigwa picha chini ya mradi wa Maktaba ya Uingereza wa kuokoa nyaraka zilizo hatarini, na utaratibu wa mradi huo ni kwamba nakala halisi haziondoki nchini mwake. Taasisi ya Taaluma za Kiswahili pale Chuo Kikuu cha Dar es Salaam nao ni watu wa kuwaendea, mkiamua kwamba tenzi zifike kwa watafiti.

Faili ziwe na nakala tatu: moja kwenye kompyuta yako, moja kwenye diski ya nje iliyo nyumba nyingine, moja mtandaoni au kwa ndugu aliye mji mwingine. Picha za awali za kamera usizifute hata baada ya kupata PDF nzuri, maana programu za kesho zitafanya kazi bora kuliko za leo kwa picha zilezile.

Kuhusu Kiingereza chako, kinatosha. Sentensi fupi, vipimo kwa sentimita, picha nyingi. Wengi kati yao wenyewe si wazawa wa lugha hiyo. Na unacho cha kuwapa: maelekezo ya kazi hii kwa Kiswahili ni haba mno, na mwalimu aliyezoea kueleza hatua kwa hatua ndiye anayefaa kuyaandika. Kurasa za Kiswahili cha miaka ya 1920 zilizosahihishwa kwa mkono, ukizitoa, zitawasaidia pia wanaoifundisha programu kusoma lugha yetu.

Barua yako ya kwanza kwao iwe na picha nne. Kitabu chenyewe kikiwa wazi pale kinapofunguka bila kulazimishwa. Kitanda chako cha mbao kilivyo, hata kama hakijapigwa msasa. Ukurasa mmoja kama ulivyotoka kwenye kamera, pamoja na rula. Na ukurasa huohuo ukishapita Scan Tailor. Chini yake andika swali moja tu, lile linalokusumbua zaidi. Wakishakujibu, fanya walichosema, kisha rudi uwaonyeshe matokeo, yawe mazuri au mabaya. Wengi huuliza na kutoweka. Anayerudi na matokeo hukumbukwa, na swali lake la pili hujibiwa siku hiyohiyo. Nitumie nami nakala ya hizo picha nne, hasa ile ya rula.